Gemu bora, gemu mbovu na fedha za nyumbani

Kila mwisho wa mwaka wapenzi wa gemu hupanga orodha mbili: gemu zilizowakosha roho na gemu zilizowaangusha. Wazazi wengi huona hayo ni mambo ya watoto. Lakini orodha ya mwaka 2024 ina somo kwa kila nyumba yenye kijana na simu, iwe Dar es Salaam, Mbinga au Lundo kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa.

Iliyoangusha wengi ni Concord, gemu ya kupigana risasi kwa timu, iliyotolewa na Sony tarehe 23 Agosti 2024. Bei yake ilikuwa dola 40, zaidi ya shilingi laki moja kwa wakati ule, na ilichezwa kwa intaneti tu. Kwenye duka la Steam, wachezaji waliokuwa ndani kwa wakati mmoja hawakuwahi kufika 700. Tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye, Sony iliizima. Walionunua walirudishiwa fedha, lakini gemu ilikufa hata kwa aliyeipenda. Mwezi Oktoba studio iliyoitengeneza ikatangazwa kufungwa.

Siku hiyohiyo Concord ilipozimwa, Sony hiyohiyo ilitoa Astro Bot, gemu ya roboti mdogo anayeruka vikwazo akiwaokoa wenzake. Haihitaji intaneti kuicheza, na ukishainunua haikudai fedha tena. Mtoto na baba yake wanaweza kupokezana pedi wakicheka. Desemba ikatangazwa gemu bora ya mwaka katika tuzo za The Game Awards, Los Angeles.

Nyingine iliyopendwa sana ni Black Myth: Wukong, iliyotoka China mwezi Agosti. Imejengwa juu ya hadithi ya kale ya mfalme nyani, na nakala milioni 10 ziliuzwa kwa siku tatu. Hadithi za bibi, kumbe, zina soko.

Lundo, vijana wengi hawana PlayStation 5. Wana simu, na gemu zao ni kama Free Fire na eFootball, ambazo hupakuliwa bure. Bure hiyo ina mlango wa nyuma. Free Fire inauza almasi za kupamba mchezaji. eFootball inauza sarafu za kutafutia wanasoka, na mara nyingi mnunuzi hajui atapata nani. Hiyo ni bahati nasibu. Juu yake kuna masasisho yanayomeza bando. Kijana aliyekesha ziwani akivua dagaa anaweza kumaliza mgawo wake kwenye simu kabla jua halijawa kali, na nyumbani unga haujanunuliwa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: mama anasema mtoto kaharibika, mtoto anaona anaonewa.

Kunyang'anya simu hakumalizi neno. Mzazi akae na mwanawe aulize mambo matatu. Je, gemu hii inachezeka bando likiisha? Inadai fedha mara moja, au kila wiki? Anaicheza na ndugu zake, au amejifungia peke yake mpaka usiku wa manane? Namba ya siri ya akaunti ya fedha kwenye simu ibaki kwa mwenye simu, mtoto asipewe hata kwa dakika moja.

Kisha kijana apewe daftari. Aandike kila shilingi inayoingia kwenye gemu, bando likiwemo, na Desemba apange orodha yake mwenyewe: ipi ilimpa raha na ipi ilimla. Akijumlisha kwa mkono wake, atajua kiasi alichotumia kingenunua nini: nyavu, sare ya mdogo wake au mbolea ya shamba. Hesabu aliyoipiga mwenyewe hawezi kubishana nayo kama anavyobishana na mama yake.