Saa ya seva: amini ushauri, usiamini jina

Kuna swali naulizwa kila mara: "Nimeweka seva moja tu ya saa, ile ya wakubwa kabisa. Kuna ubaya gani?"

Ubaya upo. Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili za kituo cha falaki cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, tick na tock, zilitangaza kwamba tuko mwaka 2000. Na hao ndio mabingwa wa saa! Kompyuta zilizowategemea wao peke yao zikarudi nyuma miaka 12, na kwenye ofisi kadhaa watu wakashindwa kuingia kwenye mtandao. Kerberos, kwa kawaida, hukukataa saa zikipishana zaidi ya dakika 5.

Basi tuwapuuze wataalamu? Hapana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwongozo wao, RFC 8633 wa mwaka 2019, unasema weka seva nne au zaidi. Ni hesabu rahisi: mbili zikibishana, hujui ipi inadanganya. Zikiwa tatu, mbili zinaishinda moja. Ya nne ni akiba, mojawapo ikizimika.

Wengi wetu tunaamini jina kubwa na kuacha ushauri wenyewe. Mtaalamu wa kweli hukuambia mapema kwamba hata yeye anaweza kukosea.

Mimi pia nilikuwa na moja tu. Leo fungua ntp.conf yako uhesabu. Ziko ngapi?