Ati "Mtoto Hatakumbuka"

Nianze kwa kukiri. Mwaka jana niliposti kavideo ka mtoto analia ndani ya matatu pale Kengeleni, jioni, foleni haisongi. Nikaandika juu: "Kwani lazima mje nao town?" Mlicheka, mkakasambaza, mimi nikajiona fundi. Juzi nimekafuta. Leo nawaambia kwa nini, na sitaongea kwa upole.

Dada yangu ana miaka 22. Mtoto wake ana miaka miwili na nusu, hapa nitamwita Bwana Mdogo. Pigeni hesabu wenyewe: alijifungua akiwa na umri nilio nao mimi sahi. Tangu siku hiyo mpaka Jumapili iliyopita, amevuka Daraja la Nyali kwa sababu moja tu. Kliniki. Kadi ya chanjo mkononi, kwenda na kurudi, basi. Msichana ambaye zamani hata viatu vyake vilijua njia ya town peke yao!

Na town yenyewe si safari ya kufungasha. Watoka Ziwa la Ng'ombe, wachukua matatu pale Bombolulu, na barabara ikiwa wazi, nusu saa haiishi ushafika. Shida haikuwa umbali. Shida ilikuwa kila akisema "nataka nimpeleke mtoto town," anapigwa na sentensi moja: "Akaone nini? Mtoto mdogo huyo, hata hatakumbuka." Mama alisema. Jirani alisema. Mimi nilisema, tena nikicheka.

Sasa hebu tuiangalie hiyo sentensi vizuri.

Bwana Mdogo hatakumbuka uji wa leo asubuhi. Hatakumbuka nani alimwimbia akiwa na homa usiku kucha. Hatakumbuka siku aliyosimama mara ya kwanza, akaanguka, akasimama tena. Kwa hivyo tusimpe uji? Tusimwimbie? Kama kigezo cha kumfanyia mtu jambo ni kwamba atalikumbuka, basi mtoto yeyote chini ya miaka mitatu angefungiwa kabatini mpaka akili ishike.

Ukweli ni kwamba ile sentensi haimhusu mtoto. Inamhusu mama. Ukisema mtoto asitoke, umesema mama asitoke, manake nani mwingine mumemwachia? Babake mtoto yuko town kila wikendi, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kama atakumbuka.

Haya, Jumapili tukaenda. Mimi, dada, Bwana Mdogo, na begi la nguo za kubadilisha lililokuwa zito kuliko Bwana Mdogo mwenyewe.

Steji, makanga akamtazama dada, akamtazama mtoto. "Mama, huyo utampakata ama unamlipia?" Dada akampakata. Abiria mmoja akasonya: "Jua lote hili na mtoto." Tukanyamaza. Tulipofika juu ya daraja, Bwana Mdogo akasimama kwenye mapaja ya mamake, mikono miwili kwenye kioo. Maji upande huu, maji upande ule. Akanyamaza kama mtu mzima aliyepewa habari nzito. Halafu akapiga kelele: "Maji mengi!" Matatu nzima ikacheka, na yule aliyesonya akawa wa kwanza.

Daraja hilo lipo tangu 1980. Mimi hulivuka macho yakiwa kwenye simu. Siku hiyo niliangalia chini, wallahi, kama mgeni.

Tukashuka Posta, tukashika Moi Avenue kwa miguu. Hapo ndipo nikaanza kuuelewa mji wangu. Mtembee mtoto wa miaka miwili na nusu kwenye ile njia ya miguu uone. Hatua tatu, gari limepandishwa juu, mnashuka barabarani. Hatua tano, pikipiki. Hatua mbili, mfuniko wa mtaro haupo, mnyanyue. Mimi nimepita pale miaka yote na sijawahi kuona shimo hata moja, manake miguu yangu ni mirefu. Vile vigari vya watoto mnavyoviona kwenye video za Dubai, hapa ungehitaji wanaume wawili wa kukibeba. Ndiyo maana mama zetu hawaachi leso. Dada akamfunga mgongoni, tukasonga.

Tukafika kwenye Pembe za Ndovu. Kila mgeni wa Mombasa hupiga picha pale tangu miaka ya 1950. Bwana Mdogo akainua kichwa, akatabasamu, akasema: "Ndizi!" Nikamwambia si ndizi, ni pembe. "Ndizi!" Nimekuja kuangalia ile picha tuliyopiga, na sasa siwezi kuona kitu kingine. Mabeshte, zile ni ndizi.

Halafu akasema neno la pili. "Susu."

Mtoto wa umri huo akikwambia susu, una dakika mbili, tena Mungu akikupenda. Choo cha kwanza tulichokiona kilikuwa na kufuli. Mkahawa wa kwanza, kijana mlangoni akasema choo ni cha wateja. Mkahawa wa pili pia ni cha wateja, kwa hivyo tukawa wateja. Tulinunua soda ya shilingi 80 ili mtoto akojoe. Na sababu pesa haitupwi, soda ikanywewa, na ndiyo iliyoleta susu ya pili.

Msicheke haraka. Hilo ndilo jibu la mama aliyekuwa akimkataza dada. Siku zote nilidhani ni ukali tu. Kumbe mama anaujua mji. Alitulea huko. Yeye husema "hatakumbuka," lakini anachomaanisha ni: nitachoka, nitadhalilika, nitaomba choo kama naomba msaada. Ile sentensi ndiyo kufuli, lakini aliyelitengeneza ni mji.

Tukapanda tuktuk mpaka Mama Ngina. Pale palitengenezwa upya, na Oktoba 2019 sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika palepale. Siku hiyo nilipapenda kwa sababu moja: tulikaa, na hakuna aliyetuuliza mwanunua nini. Kivuli cha mbuyu, upepo wa bahari, muhogo wa kukaanga na ndimu, pilipili tukaiweka mbali na Bwana Mdogo. Akawakimbiza kunguru mpaka kunguru wakachoka. Halafu meli ikaingia mlangoni mwa bahari, ile mikubwa ya makontena, ikapita mbele yetu polepole kama jengo linalotembea. Mtoto akaipungia mkono mpaka ikapotea. Hapo hakuna tiketi.

Tukamalizia feri. Wajua mwenda kwa miguu halipi feri ya Likoni. Tukavuka, tukarudi, hatukuwa na shughuli yoyote ng'ambo. Katikati ya mkondo, dada akafunga macho, akasema, si kwangu, kwa upepo: "Nilikuwa nishasahau."

Sikumuuliza amesahau nini. Niliona haya. Kwa miaka miwili na nusu nimekuwa nikitoka nyumbani nikimwambia "baki na mtoto," kama kwamba mtoto ni kifungo na yeye ndiye mwenye hatia.

Basi huyo hapo aliyekumbuka. Mtoto hatakumbuka, sawa. Dada hatasahau.

Sasa najua komenti zenu, acha nizijibu kabla hamjaandika.

"Si mumpeleke Pirates, iko karibu." Pirates ni kwetu na twaipenda. Lakini wewe mwenye miaka 19, nani amekwambia ubaki Pirates maisha yako yote ati maji ya bahari ni yale yale? Mji ni wako. Ni wake pia.

"Pesa iko wapi?" Siku nzima, nauli, tuktuk, muhogo, maji na ile soda ya choo, hatukufikisha elfu moja. Ni pesa, sikatai, na kuna wiki haipo. Lakini tazama vile Bwana Mdogo alivyovipenda: maji chini ya daraja, ndizi za chuma, kunguru, meli, feri. Hivyo tulipewa bure, zaidi ya nauli ya kufika. Pesa iliyouma ni ile ya kununua haki ya kukojoa.

"Watoto hulia kwenye matatu." Matatu ya watu 14, foleni, joto, muziki hadi kifua kinatetemeka. Wewe pia wataka kulia. Tofauti ni kwamba yeye ni mkweli.

Na msidhani haya ni mambo ya kina mama tu. Hebu jiulize: ukiwa town na huna hata shilingi, wakaa wapi? Kivuli gani ni chako? Choo gani? Wangapi wetu wameambiwa "songa" kwa sababu wamekaa bila kununua? Mji unaomshinda mtoto wa miaka miwili unamshinda pia nyanya mwenye goti bovu. Unamshinda mtu wa kiti cha magurudumu. Sisi wa huku hatuna kisingizio cha kutolijua hilo. Karakana za watu wenye ulemavu ziko Bombolulu tangu 1969, majirani zetu hao. Shimo linalomwangusha Bwana Mdogo ndilo linalowazuia wao.

Na msiniambie haiwezekani. Zanzibar, bustani ya Forodhani ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009. Waingia bure, watoto wana sehemu ya kucheza, wazee wana benchi, na wenye njaa wana vyakula. Kigali, mara mbili kwa mwezi, barabara kadhaa hufungwa kwa magari Jumapili asubuhi, watu na watoto wao wakatembea katikati ya lami. Hao si watu wa Ulaya. Ni majirani.

Sheria pia iko. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya usafi wa kiwango kinachofaa, na usafi bila choo ni hadithi. Jedwali la Nne linaweka bustani, fuo na sehemu za burudani mikononi mwa kaunti, pamoja na vituo vya kulelea watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, unasema katika Ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukuandika "akishafika umri wa kukumbuka."

Kwa hivyo, maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaopanga mji. Hatutaki sanamu nyingine. Twataka choo kilicho wazi Jumapili, chenye meza ya kumbadilishia mtoto, hata upande wa wanaume, manake baba naye ana mikono. Twataka benchi kivulini, bomba la maji ya kunywa, na mfuniko juu ya kila mtaro. Bajeti ya kaunti ina vikao vya maoni ya umma. Vikitangazwa, tusiache wazee peke yao waende kuzungumzia lami. Twendeni na hao watoto, walie ndani ya ukumbi, wasikike.

La pili ni kwetu, na hili halingoji bajeti. Una dada, una binamu, una rafiki mliyesoma naye akajifungua mkamfuta kwenye grupu la mipango ya wikendi. Mpigie leo. Usimwambie "tafuta wa kumwachia." Mwambie "mje." Ukifika steji, wewe ndiye wa kubeba begi. Kwenye matatu, wewe ndiye wa kumpakata. Mtoto akisema susu, wewe ndiye wa kukimbia kuulizia choo, mama akae chini amalize muhogo wake ukiwa moto.

Mimi nilimbeba Bwana Mdogo kutoka Bombolulu mpaka mlangoni, amelala, mate yakinichuruzika shingoni, mkono umekufa ganzi. Mama alikuwa barazani. Akatuangalia, akauliza: "Haya, ameona nini huko?"

Mtoto akafungua jicho moja. "Ndizi," akasema, akalala tena.

Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Halafu akamuuliza dada, kwa sauti ya chini kidogo, twaenda tena lini.

Anayetaka kunipinga, karibu. Lakini abebe mtoto kwanza, avuke daraja, ndipo aje tuongee.