Mkeka si wa bure jamani

Wadau, nimerudi chuo juzi toka Tanga na bado nina hasira. Mama mdogo anasuka mikeka barazani kwake, kati ya kupika na kufua. Kaja jirani, kaupenda wa rangi tatu, kataja nusu bei: eti "si upo tu nyumbani".

Upo tu! Ukindu unaanikwa mpaka uwe mweupe, unachanwa, mwingine unachemshwa na rangi kwenye sufuria (vidole navyo vinabaki zambarau). Ndo uanze kusuka ukili, mkanda mwembamba, mrefu huo, halafu uushone ukingo kwa ukingo mpaka utoke mkeka. Na yale maua hayajaandikwa popote, anahesabu kichwani. Sisi huku na kikokotoo mkononi tunakosea.

Ila wabaya zaidi ni sie wasomi. Bumu likitoka, simu tunanunua bila kubisha. Mkeka tunang'ang'ania elfu mbili. Nami nilishamfanyia hivyo bibi mmoja sokoni, mwaka wa kwanza. Nikimwona nitamlipa iliyobaki.

Mama mdogo hakuuza. Kaukunja, kanipa: "Nenda nao chuo." Nimeutandika hapa rumu. Atakayeukanyaga na viatu tutaelewana!