Mchagua Plau Ndiye Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli kwa zama zao, maana jembe la mkono lilikuwa karibu sawa na jingine, na mtu aliyesimama kulichagua kutwa nzima alikuwa akilikimbia jua. Lakini leo trekta dogo limeanza kuingia vijijini, nalo halikokoti jembe la mkono. Linakokota plau, na maplau yana ukubwa mbalimbali. Kwa hiyo sisi tunathubutu kuigeuza methali hiyo na kusema kwamba, katika kilimo cha trekta, mchagua plau ndiye mkulima.

Tunayasema haya huku tukiitazama Lukole, katika Wilaya ya Ngara. Tangu miaka ya 1990 hadi kambi ilipofungwa mwaka 2008, Lukole ilihifadhi makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi. Taifa letu lilitimiza wajibu wake wa kibinadamu, na ardhi nayo ikatoa sehemu yake: miti mingi ilikatwa kwa kuni na kwa ujenzi, na miteremko mingi ikabaki wazi mbele ya mvua. Ardhi ya namna hiyo haistahimili makosa mengi. Ikilimwa vibaya msimu mmoja, udongo wa juu huteremka bondeni, na hakuna Serikali wala Chama kitakachoweza kuupandisha tena mlimani.

Kosa la kwanza tunaloliona mahali pengi ni kuamini namba iliyoandikwa ubavuni mwa trekta. Mnunuzi akisikia nguvu za farasi 35, hudhani trekta litavuta chochote litakalofungiwa. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Nguvu ya injini haifiki yote kwenye plau. Kinacholiwezesha trekta kuvuta ni uzito unaokandamiza magurudumu yanayosukuma, na namna udongo unavyoyashika magurudumu hayo. Trekta la kilo 1,500 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, juu ya ardhi isiyo ngumu sana wala tepetepe, huvuta kwa utulivu takriban asilimia 40 ya uzito wake, yaani kiasi cha kilo 600. Likidaiwa zaidi ya hapo, magurudumu huzunguka pasipo kwenda, mafuta huungua bure na tairi huisha kabla ya mkopo kulipwa.

Sasa tuupime udongo. Kwa makadirio ya kawaida, udongo wa kichanga hulipinga plau kwa karibu kilo 0.3 kwa kila sentimita moja ya mraba inayokatwa. Udongo wa tifutifu kilo 0.5, na mfinyanzi kilo 0.8 au zaidi. Plau la sahani 2, kila sahani ikikata upana wa sentimita 25 kwa kina cha sentimita 20, hukata sentimita 1,000 za mraba. Katika tifutifu plau hilo litadai kilo 500, na trekta letu litalivuta vizuri. Ongeza sahani ya 3, na madai yanapanda hadi kilo 750, trekta limeshindwa. Ukishuka na sahani zako 2 katika mfinyanzi wa bondeni, zitadai kilo 800, na hapo pia trekta limeshindwa, isipokuwa upunguze kina hadi sentimita 15. Hesabu hii ni ya kuzidisha tu, na kijana wa darasa la saba anaweza kuifanya kwa kijiti mchangani.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani kwamba jambo hili ni la watu wa milimani peke yao. Penye udongo mwepesi wa kichanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Ukerewe, trekta lile lile linaweza kuvuta sahani 3 kwa kilo 450 tu. Lakini plau la sahani 3 lina uzito wa kilo 300 na zaidi, na uzito huo huning'inia nyuma ya trekta linapogeuka mwisho wa shamba. Ni lazima ihakikishwe kwamba mikono ya haidroli inaubeba, na kwamba magurudumu ya mbele yanabaki chini na angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote. Tena mashamba ya visiwani ni madogo, na sahani ikivunjika huenda ikabidi nyingine ingojewe hadi ivushwe kwa kivuko. Mwananchi wa kisiwani anunue plau ambalo vipuri vyake anaweza kuvipata.

Kwa Lukole, ambako mizizi, visiki na mawe bado vimo ardhini, plau la sahani linafaa kuliko lile la ulimi wa kupindua udongo, kwa sababu sahani huzunguka na kupanda juu ya kizuizi badala ya kukwama na kuvunjika. Trekta lilime kwa kukinga mteremko, kamwe lisilime kwa kupanda na kushuka. Na pale ambapo mlima ni mkali, trekta lisiende kabisa. Hapo jembe la mkono na matuta ya kukinga maji bado vina heshima yake.

Hatusemi kwamba plau dogo ndilo jema daima. Plau dogo kupita kiasi huongeza safari, na kila safari ni mafuta na ni kuushindilia udongo. Tairi lenye upana wa sentimita 28 haliwezi kupita katika mfereji wa sentimita 20 bila kuukanyaga udongo uliokwisha kupinduliwa. Tunachodai ni mizani.

Historia ya nchi yetu inatosha kutufundisha. Mwaka 1947 wakoloni wa Kiingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na mitambo mingi, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, lakini hawakuupima vya kutosha udongo wa Kongwa, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali na kuzila zana. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Nasi baada ya Uhuru tulitangaza Siasa ni Kilimo mwaka 1972 na Kilimo Kwanza mwaka 2009. Matrekta kutoka India yakakopeshwa kupitia SUMA JKT, na madeni yake yakawasumbua Serikali na wakopaji kwa miaka mingi. Deni la trekta hulipwa na shamba lililolimika, na trekta lililofungiwa plau lisilo kiasi chake halilimi.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wetu wa wilaya na mikoa: msiagize trekta na plau kwa karatasi moja kana kwamba udongo wa nchi nzima ni mmoja. Bwana shamba aupime udongo kwanza, kisha plau lichaguliwe, na mwisho trekta. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kiliundwa kwa sheria mwaka 1981, na kupima zana za kilimo ni miongoni mwa kazi zake. Kiulizwe kabla fedha hazijatoka.

Na vikundi vya wakulima visipokee zana kabla ya kuijaribu shambani. Piga alama ya chokaa kwenye gurudumu la nyuma, hesabu mizunguko 10 plau likiwa juu, upime umbali. Rudia plau likiwa ardhini. Kama mita 30 zimekuwa 26, pokeeni. Kama zimekuwa 22, lirudisheni plau hilo hata likiwa jipya na limepakwa rangi ya kupendeza.

Mali ya umma ni amana, na ardhi ni amana kubwa zaidi, kwa kuwa tuliikuta na tutaiacha. Anayesaini ununuzi wa plau bila kuujua udongo amefanya israfu katika amana zote mbili. Tupime kwanza, ndipo tulime.