Viuatilifu vya kibaiolojia: Hesabu yake ifanywe wakati wa mavuno

KWA mkulima wa nyanya wa Ilula mkoani Iringa au Ngarenanyuki mkoani Arusha, kantangaze hahitaji kutambulishwa. Mdudu huyo, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, asili yake ni Amerika Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akavuka kuingia Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akathibitishwa kuwapo Tanzania na Kenya. Asipodhibitiwa, anaweza kumaliza karibu mazao yote shambani.

Tangu hapo wakulima wengi wamejibu kwa kuongeza dawa za viwandani, wengine wakichanganya aina mbili au tatu katika bomba moja. Lakini kiwavi wake hukaa ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa nyingi hazimfikii. Dawa ileile ikirudiwa msimu mzima, wadudu wanaonusurika ndio wanaozaana, na usugu huongezeka. Mkulima huishia kulipa zaidi kwa dawa inayofanya kazi kidogo.

Njia nyingine ipo. Kuna dawa zinazotokana na bakteria aina ya Bt, zinazotokana na kuvu aina ya Metarhizium, na zinazotokana na mwarobaini. Hata hivyo, wengi waliozijaribu wameziacha kwa sababu mbili: haziui, na ni ghali.

Sababu ya kwanza hutokana zaidi na matumizi. Bt haiui kwa kumgusa mdudu. Lazima kiwavi aile. Akishaila huacha kula, kisha hufa baada ya siku chache. Anayekagua shamba kesho yake asubuhi humkuta bado hai na kudhani ameuziwa maji. Isitoshe, jua kali huharibu dawa hizi haraka, hivyo zinafaa kupuliziwa jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Na anayechanganya dawa ya kuvu na dawa ya kuzuia ukungu ndani ya bomba moja, huiua dawa yake mwenyewe kabla haijafika shambani.

Sababu ya pili inahitaji kalamu na karatasi. Dawa nyingi za viwandani zina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, mara nyingi siku 7 au hata 14. Nyanya hazisubiri. Chukulia mkulima anayevuna mara mbili kwa wiki, matenga 20 kila mara. Akisubiri siku 7, michumo miwili, yaani matenga 40, huivia shambani kupita kiasi. Tenga likiwa Sh 15,000, mzigo wenye thamani ya Sh 600,000 umo hatarini kwa sababu ya upuliziaji mmoja. Bidhaa nyingi za Bt huruhusu kuvuna mapema zaidi, kama lebo inavyoelekeza. Tofauti ya bei dukani ni ndogo mbele ya hasara hiyo.

Hesabu hiyo ina kasoro moja: ni ya mkulima anayezitii siku za kusubiri. Asiyezitii hapotezi tenga hata moja, kwa kuwa dalali huangalia ukubwa na rangi, na bei sokoni ni ileile. Anayelipa ni mlaji.

Kwamba hali hiyo haidumu, majirani wanajua. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya, baada ya kukutwa mabaki ya dawa. Mzigo wa kukaguliwa uliwaangukia wote, wakiwamo wakulima waliofuata taratibu.

Kwa sasa, mkulima mdogo halazimiki kuacha dawa za viwandani siku moja. Anaweza kuanza na miche safi kutoka kitalu kilichofunikwa kwa neti, kutundika mitego ya harufu ili ajue mdudu ameingia lini, na kuweka dawa za kibaiolojia kwenye wiki za mavuno, ambapo faida yake ni kubwa zaidi. Wakulima wakinunua kwa kikundi, mwenye duka la pembejeo naye hupata sababu ya kuagiza bidhaa mpya, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), badala ya kuuza iliyokaa rafuni juani ikapoteza nguvu.