Acheni Kutia Parafini Kwenye Nta ya Nyuki, Badilisheni Utambi

Ndugu wafugaji wa nyuki, na hasa vikundi vya akina mama mnaotengeneza mishumaa ya kwenye chupa, leo nina ugomvi na baadhi ya wawezeshaji wetu. Wanakuja kijijini siku moja, wanafundisha kuyeyusha na kumimina nta, wanagawa vyeti, wanaondoka. Baada ya muda kikundi kina katoni za mishumaa inayozimika yenyewe. Mwezeshaji akipigiwa simu, jibu lake ni jepesi: "Punguzeni nta ya nyuki, ongezeni parafini."

Ushauri huo naupinga waziwazi. Lebo yenu imeandikwa nta asilia ya nyuki. Mkitia parafini mnamdanganya mteja, na mteja aliyelipa zaidi kwa ajili ya nta asilia akigundua harudi tena. Isitoshe, nta haina kosa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na hata ikiyeyuka ni nzito kuliko parafini. Utambi mwembamba uliokusudiwa mshumaa mweupe wa dukani hauwezi kuivuta ya kutosha. Matokeo mnayajua: shimo linachimbika katikati, nta inabaki imeganda pembeni, mwali unazama na kufa. Kosa ni la utambi, adhabu inapewa nta!

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakasokota kamba nene kama ya kufungia mbuzi. Hapo mwali unaruka juu, masizi yanapaka chupa, na kioo kinapata joto mpaka kinapasuka. Kikipasuka juu ya kitambaa cha meza, mmemuuzia mtu moto wa nyumba.

Kuhusu uzi wa kufumia, msiutumie kabla ya kuchoma kipande. Pamba huacha jivu na kunuka kama karatasi. Uzi wa plastiki hujikunja ukawa kidonge kigumu, nao haufai.

Zile katoni zilizokwama msizitupe. Tandikeni kitambaa chini ya sufuria, simamisheni chupa juu yake, tieni maji ya uvuguvugu na mpashe polepole. Msiweke nta moja kwa moja motoni. Nta haichemki kama maji ili iwaonye. Inatoa moshi, kisha inawaka. Ikiwaka, zimeni jiko na mfunike kwa mfuniko. Msimwage maji kabisa, maana nta inayowaka itawarukia. Nta ya kwenye chupa ikishayeyuka, toeni utambi wa zamani pamoja na kibati chake, chujeni nta kwa kitambaa safi, wekeni utambi mpya, mimineni upya. Utambi uwe wa pamba iliyosukwa, na kwanza uchovywe kwenye nta iliyoyeyuka mpaka viputo viishe.

Iko njia ya mkato: kupasha spoki ya baiskeli, kutoboa nta iliyoganda na kuchomeka utambi mwingine. Kwa mshumaa wa nyumbani sawa, kwa wa kuuza hapana.

Mtaniuliza unene gani. Hapo ndipo mafunzo ya siku moja yanapofeli, kwa sababu jibu linapatikana kwa kuwasha tu. Tengenezeni chupa tatu zenye tambi za unene tofauti, kateni kila utambi ubaki milimita 6 juu ya nta, washeni kwa wakati mmoja na mkae hapo hapo. Kwa chupa yenye upana wa sentimita 7, baada ya saa 3 nta iliyoyeyuka inatakiwa iwe imekaribia kioo pande zote, kina chake kama sentimita 1, bila moshi. Uliofanya hivyo ndio utambi wenu. Mwezeshaji asiyekuwa tayari kukaa na kikundi saa hizo tatu, msimchangie hata nauli.

Andikeni aina ya utambi kwenye daftari la kikundi. Duka likileta aina nyingine, au mkibadilisha chupa, jaribio linaanza upya kabla ya kumimina hata katoni moja.