Tajiri na Mshonaji, Sheria Moja



Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto. Mwaka 2007 huko Marekani vitu vya kuchezea kwa mamilioni vilirudishwa kwa kuwa rangi yake ilikuwa na risasi, na mwaka 2008 ikatungwa sheria kali. Sheria hiyo hatuilaumu. Twalaumu jinsi mzigo ulivyogawanywa. Kiwanda kikubwa hulipa gharama ya kupima, na gharama hiyo hupotea katika maelfu ya vitu. Mama ashonaye nguo kumi nyumbani alitakiwa apimishe vile vile. Wauzaji wa vitu vikuukuu hawakulazimishwa kupima, lakini wakiuza kitu kilichopita kiwango lilikuwa kosa. Nani awezaye kuiona risasi ndani ya zipu kwa macho? Wengine waliondoa nguo na vitabu vya watoto madukani, na maskini ndio wanunuzi wake!

Mwaka 2011 sheria ikalegezwa kwa vitu vingi vilivyokwisha tumika na kwa mafundi wadogo. Miaka mitatu ya hasara. Sisi wa Kenya, tunaovaa mitumba na kuiuza, twataka wauzaji waitwe kabla sheria kama hiyo haijaandikwa. Na rangi ipimwe kiwandani, ambako wenzetu huivuta vifuani kabla haijamfikia mtoto.